Ramani ya Mizinga ya Mjomba

Mwaka niliohamia Kasulu, mjomba wangu alikuwa na mizinga katika pori lililo mashariki ya Kibondo, mizinga ya magome aliyoyabandua na kuyashona mwenyewe, na idadi yake sikuruhusiwa kuitaja. Hata sasa sitaitaja. Kwa warina asali wa kwetu, kuhesabu mizinga mbele ya watu ni utovu wa adabu, na kueleza mahali ilipotundikwa ni jambo baya zaidi, kwa sababu mzinga hauna mlango wala kufuli. Ulinzi wake pekee ni kutojulikana. Kila mrina asali alikuwa na njia yake porini. Njia hiyo haikuandikwa, haikusimuliwa, wala haikuonyeshwa kwa kidole. Ilirithishwa kwa miguu: mwenye njia alimchagua mtu mmoja, akatembea naye misimu kadhaa bila kusema neno lolote kuhusu njia yenyewe, mpaka siku moja mteule alipotangulia mbele na mwenye njia akamfuata nyuma kimya. Tangu siku hiyo urithi ulihesabiwa kuwa umepita, ingawa mizinga iliendelea kuwa mali ya mwenyewe hadi kufa kwake.

Mjomba alinichagua mimi. Uteuzi huo ulizua maneno, kwa kuwa nilikuwa msichana na yeye alikuwa na wana wawili wa kiume. Lakini wanawe walikuwa wameondoka, mmoja akiendesha bodaboda Kakonko na mwingine akibadilisha fedha mpakani Manyovu, na hakuna kati yao aliyestahimili kuumwa na nyuki. Mimi nililelewa nyumbani kwake tangu mama yangu, dada yake, alipofariki nikiwa mdogo mno kuikumbuka sauti yake. Nilianza kumfuata mjomba porini mara tu nilipoweza kubeba kibuyu cha maji.

“Mwanamke wa mizinga!” mkewe alikuwa akicheka. “Huyu utamwoza kwa nyuki?”

“Nyuki hawamwulizi mtu kama ni mume au mke,” mjomba alijibu. “Wanamwuliza kama ametulia.”

Alinifundisha kuhesabu hatua kichwani bila kusogeza midomo: kutoka kichuguu hadi jabali, kutoka jabali hadi mti wa mtundu uliopasuliwa na radi, kutoka hapo hadi penye maji. Sikuwahi kumsikia akizitamka hesabu hizo. Nilijua tu kwamba nikikosea angesimama, na kwamba angebaki amesimama mpaka nitambue kosa langu. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa naijua sehemu kubwa ya njia yake, lakini nilikuwa bado sijatangulia mbele. Hakuna nilichokitamani zaidi ya hicho.

Matokeo yangu ya mtihani hayakutosha kuniingiza kidato cha tano. Wakati huohuo tulisikia kwamba nje kidogo ya mji wa Kasulu kulikuwa na chuo kilichoanzishwa na walimu wachache waliochoka kufundishia mitihani. Chuo hicho hakikuuliza matokeo. Kilimtaka mwombaji aandike barua kuhusu jambo moja alilolitazama kwa muda mrefu. Niliandika kuhusu vichuguu, kurasa sita, nikaitwa.

Mjomba alinisindikiza hadi stendi na begi langu likiwa begani mwake.

“Nenda kasome,” alisema. “Njia haiendi popote. Kiangazi kikiingia, wakati wa kurina, utarudi, na wewe ndiye utakayetangulia.”

Nilipanda basi nikiwa na ahadi hiyo, nami niliithamini kuliko barua ya kuitwa chuoni.

Kasulu ulikuwa mji mkubwa kuliko miji niliyoizoea, wenye maduka yaliyofuatana barabara nzima na asubuhi za baridi zilizonifanya nijifunike kitenge hadi masikioni. Chuo kilikuwa mgongoni mwa kilima: majengo manne ya matofali ya kuchoma, bustani ya maharage, jiko, na ukumbi ambao mabenchi yake yalipangwa kwa mviringo. Hapakuwa na kengele, wala sare, wala jukwaa la mwalimu. Aliyenipokea alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na shati lililopigwa pasi kwa uangalifu, ambaye angekuwa mlezi wangu wa masomo.

“Hapa hakuna walimu,” aliniambia. “Hapa tuko wenza. Unaelewa?”

“Ndiyo, mwalimu,” nilijibu.

Msichana aliyekuwa amesimama mlangoni akicheka akaziba mdomo kwa mtandio. Huyo ndiye niliyepangiwa chumba kimoja naye. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, na mama yake alitoka Tanga, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na mteremko ambao sisi tuliokipata shuleni, baada ya Kiha cha nyumbani, hatukuwa nao. Jioni ya kwanza nilipomsalimu kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, kama tulivyofundishwa kumsalimu mtu tusiyemjua, alisubiri hadi nikamaliza.

“Shoga, kila siku utanisalimu hivi?” aliuliza. “Tutachelewa chakula cha mchana.”

Alinipenda, nami nilimpenda. Aliniazima sweta, akanionyesha sokoni ni nani asiyepunja dagaa, na alinitania kwa namna nilivyotembea. “Wewe wa Kibondo unatembea kama unayeidai ardhi deni,” alisema. “Unazihesabu hatua, au nakuonea?” Nilimjibu kwamba ananionea.

Mambo yote ya chuo yaliamuliwa katika duara la kila Ijumaa: nani apike, kitabu gani kisomwe, ugomvi gani usuluhishwe. Kila mtu alikuwa na sauti sawa, na lililokubaliwa na duara lilikuwa limekwisha. Masomo yenyewe yalipimwa kwa kazi. Kazi kuu ya mwaka wa kwanza ilikuwa hii: kila mwanafunzi alete kutoka kwao ujuzi usiopatikana katika kitabu chochote, auandike kwa usahihi ambao ungemwezesha mgeni kuutumia bila kumwuliza mtu. Mwenzangu wa chumba aliandika jinsi mama yake alivyopambanua vitambaa kwa kuvigusa gizani. Mwingine aliandika jinsi bibi yake alivyochagua udongo wa vyungu. Mimi nilikaa majuma matatu bila kuandika, kwa kuwa nilijua kitu kimoja tu kilichostahili kazi hiyo.

Napaswa kueleza kwa nini nilimwamini mlezi, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Alikuwa mtu wa kwanza kunifundisha kwamba usahihi ni heshima. Alisahihisha kwa penseli nyepesi, pembeni, kama anayeomba radhi. Aliniazima kamusi yake ya zamani, iliyofumuka mgongo, akaniambia niisome kama watu wanavyosoma hadithi. Nilipomwambia, kwa aibu, kuhusu hesabu za hatua, hakucheka. Alivua miwani, akasema, “Hicho unachokiita mazoea ya porini, wenzako wanakitafuta vyuo vikuu miaka minne.” Hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo kama hilo. Tangu siku ile ningeweza kumpa chochote alichokiomba, naye aliomba ramani.

Nilimwendea ofisini kwake. Mwenzangu wa chumba alikuwa nami, amekuja kurudisha vitabu.

“Sina ruhusa ya kuichora,” nilisema. “Njia hiyo haisemwi.”

“Hutaisema. Utaichora.”

“Ikionekana na watu, mjomba amekwisha.”

Alifungua kabati la chuma lililokuwa nyuma yake, akanionyesha rafu ya chini, kisha akaufunga mlango na kuuinua ufunguo. “Itakaa humu. Nitaisoma mimi peke yangu, nitakupa alama, kisha utaichukua. Neno langu, mbele ya mwenzako huyu.”

“Mimi shahidi,” alisema mwenzangu, huku akipanga vitabu mezani.

Likizo fupi ya mwezi wa nne nilirudi Kibondo. Mvua zilikuwa bado hazijakatika. Nilitembea nyuma ya mjomba siku tatu, nikihesabu kama zamani, isipokuwa kwamba kila jioni niliingia katika chumba cha kuhifadhia maharage nikaandika hesabu zote katika daftari dogo. Sikumwambia. Nilijijengea hoja: kilichokatazwa ni mdomo, na karatasi iliyo ndani ya kabati si mdomo. Hoja hiyo niliiona nzuri. Siku ya tatu mjomba alisimama kwenye njia panda ndogo, akatazama kushoto, akasema, “Huku tutakwenda kiangazi, ukitangulia,” akageuka. Sikujua kulikuwa na nini huko kushoto, na katika ramani mahali hapo pakabaki patupu.

Niliichora kwa mwezi mzima, juu ya karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi. Niliweka kipimo cha hatua, mwelekeo wa vijito, umbo la kila jabali, aina ya kila mti na tawi lililobeba mzinga. Kijana wa mjini angechora miti mitatu na nyuki wawili, akapata alama zake. Mimi nilikuwa nimefundishwa na watu wawili kwamba kukosea hatua moja ni aibu. Mlezi aliipokea, akaitandaza mezani, akaifuata kwa ncha ya penseli kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuweka alama hata moja.

“Mtu angeweza kuitembea,” alisema hatimaye. “Peke yake. Bila kuuliza.”

Machozi yalinilengalenga kwa furaha. Aliikunja mbele yangu, akaiweka kabatini, akafunga.

Mwishoni mwa mwezi wa tano chuo kilikaribisha wageni kuona kazi za wanafunzi. Walikuja wazazi, wafanyabiashara, watumishi wa mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na vijana wa mjini waliovutiwa na harufu ya pilau. Duara lilikuwa limenipanga jikoni. Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo kwa ajili ya wazee wasiokula wali pale mwenzangu wa chumba alipoingia mbio.

“Shoga, umetutoa kimasomaso! Watu wamejaa kwenye ramani yako kama msibani.”

“Ramani gani?”

“Una ramani ngapi? Ya mizinga. Iko ukutani, karibu na mlango.”

Nilikwenda na mwiko mkononi. Ilikuwa pale, imebandikwa kwa urefu wa macho ya mtu mzima, na kona ya chini iliyokuwa na jina langu ilikuwa imekatwa kwa rula. Watu walikuwa wakiipiga picha kwa simu. Mwanamume mmoja, mwenye kofia ya pamba, alikuwa ameweka kidole kwenye kijito cha kwanza akimwuliza mwenzake, “Huu mto si ule unaokatiza barabara pale kwa wachoma mkaa?” Mwenzake akasema, “Ndio wenyewe.”

Mlezi alikuwa amesimama kando, akitabasamu kwa utulivu.

“Mwalimu, ulisema kabatini,” nilimwambia.

“Jina lako nimeliondoa. Hakuna atakayejua ni kwa nani.”

“Pori wanalijua.”

“Punguza sauti, wageni wanasikia.” Akanisogelea. “Kazi nzuri namna hii, kuifungia ni dhuluma. Siku moja utanishukuru. Kama una neno, duara lipo.”

Niliibandua ramani kwa mikono yenye unga, ikachanika katikati. Lakini picha zilikuwa zimekwisha kupigwa. Ningepaswa kutoka pale moja kwa moja hadi stendi, nikamwambie mjomba ahamishe mizinga. Badala yake nilisubiri Ijumaa, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba duara hutenda haki, na kwa sababu nilitaka mlezi akiri kwanza, ili niende nyumbani nikiwa na mtu mwingine wa kubeba lawama.

Duara lilikaa. Nilisimulia kwa mpangilio: ombi, kabati, ufunguo, neno lililotolewa. Niliona kwamba nimesema vizuri. Mlezi alinisikiliza hadi mwisho, mikono magotini, kisha akasema kwa sauti yake ileile ya chini:

“Namheshimu sana mwenza wetu huyu. Lakini kumbukumbu yake imemchezea. Nilimwomba tuionyeshe bila jina, akakubali.”

Hakutazama pembeni alipolisema. Nilikuwa nimekwisha kufikiria kwamba angejitetea, kwamba angesema elimu ni ya wote. Nilikuwa na majibu ya hayo. Kwa uongo mtupu sikuwa na jibu, kwa maana sikuwa nimewahi kuuhesabu kama jambo linalowezekana kwa mtu aliyeniazima kamusi yake. Nikageuka kwa mwenzangu wa chumba.

“Huyu alikuwepo,” nilisema. “Alisema yeye ni shahidi.”

Watu wote walimtazama. Alikuwa akivuta uzi uliofumuka kwenye ncha ya mtandio.

“Nilikuwepo, ndiyo,” alisema. “Ila nilikuwa napanga vitabu. Sikumbuki vizuri waliyosema.”

Mvulana mmoja, aliyependa kuchangamsha vikao, akauliza, “Kwani nyuki wameleta malalamiko?” Duara likacheka, na kicheko hicho ndicho kilichofunga shauri. Ilikubaliwa kwamba palikuwa na kutoelewana, kwamba pande zote zina nia njema, na kwamba tuendelee na suala la kuni.

Chumbani nilimkuta ameketi kitandani, hajavua viatu.

“Unakumbuka,” nilimwambia.

“Nakumbuka kila neno.” Hakujaribu kukataa. “Wiki ijayo ananiandikia barua ya kwenda kusoma Dar es Salaam. Baba ameshasema, bila barua hiyo naolewa mwezi wa tisa. Nani mwingine ataniandikia? Wewe?”

“Ungeniambia kabla.”

“Ungenisamehe kabla?” Akafuta macho kwa kiganja. “Wewe una pori, shoga. Mimi nina barua tu.”

Nililala nikiangalia ukuta, na kwa wiki mbili zilizofuata tulipishana mlangoni kama wapangaji.

Ndipo mjomba alipopiga simu. Hakuwa mtu wa simu. Kwa kawaida alimwachia mkewe azungumze. Alisema neno moja, “Njoo,” akakata.

Nilifika Kibondo siku iliyofuata. Hakuniuliza habari za safari. Tulikwenda porini, yeye mbele na mimi nyuma. Mzinga wa kwanza ulikuwa chini, umepasuliwa kwa shoka. Wa pili vilevile. Waliofanya hivyo hawakuwa warina asali: walikuwa wamekata masega yote pamoja na yale yenye watoto wa nyuki, wakayatupa yasiyo na asali, siafu wakayajaa. Badala ya mwenge wa moshi walikuwa wamewasha majani makavu chini ya miti, na mtundu mmoja mkubwa ulikuwa umeungua hadi kwenye matawi. Nilihesabu hatua kwa mazoea, na kila hesabu ilipotimia palikuwa na mzinga uliopasuliwa.

Tulipofika kwenye njia panda ndogo, mjomba aligeukia kushoto. Baada ya mwendo mfupi alisimama na kuinua uso. Juu yetu palikuwa na mizinga mizima, nyuki wakiingia na kutoka kama kwamba hakuna lililotokea. Alinipa muda wa kuitazama.

“Wameiba ulichokijua,” alisema. “Ambayo sijakuonyesha, ipo.”

Nilipiga magoti, nikamweleza yote: kazi ya chuo, daftari katika chumba cha maharage, kabati, ukuta, duara. Nililaumu kwa kirefu. Nilitumia maneno mazuri, na kila neno lilikuwa la kweli.

“Huyo mwalimu ni mwongo,” alisema nilipomaliza. “Na rafiki yako amekuuza. Nimesikia.” Akachuma jani, akalikunjakunja. “Aliyekuambia uiandike ni yeye. Na mkono ulikuwa wa nani?”

“Wangu.”

“Ulikuwa unatembea nyuma yangu, mimi nikidhani tuko wawili tu.”

Hakupandisha sauti. Tulirudi nyumbani, mkewe akatupa chakula, tukala. Kesho yake alinisindikiza hadi stendi na begi langu likiwa begani mwake, kama mara ya kwanza, akanitakia masomo mema.

Mlezi alinitumia ujumbe wa pole ambao haukutaja kosa la mtu yeyote. Sikuujibu. Hata hivyo, nilimaliza miaka yangu miwili pale, na barua ya mapendekezo iliyonifikisha chuo kikuu aliiandika yeye. Niliipokea na kuitumia. Mwenzangu wa chumba alikwenda Dar es Salaam. Kiangazi kile sikurina asali, wala kile kilichofuata. Mjomba aliishusha mizinga iliyosalia, akaitundika upya upande mwingine wa pori. Nikimtembelea tunazungumza habari za mvua na za watoto. Sijaonyeshwa mahali ilipo, na hadi leo sipajui.